Maulizo ya Mazoezi, Mara ya Pili

Ile vakansi, mie mwalimu wa shule hapa Butembo, nilipata kazi ya kuuliza batu. Chef yetu, mukubwa wa ile kazi, mwenye alikuwa ku muji ya Beni, alikuwa na karatasi ya maulizo juu ya mazoezi ya mwili: unaona faida gani, na nini inakuzuia. Ilishapita mu luga mingi, hata Kimalai. Sasa alitaka kujua kama inafaa mu Swahili yetu, kwa babwana na kwa bamama sawasawa. Basi unauliza mutu leo, kisha juma mbili unarudi kumuuliza vile vile. Majibu ikifanana, maulizo ni muzuri.

Ku kilima moja nilikuta bwana na bibi, batu ba kanisa. Nikaanza na bibi, peke yetu, mu jikoni. Alikuwa na tension, damu yake inapanda. Infirmier, muuguzi mwenye kumutunza, alimuambia atembee kila asubui, lakini bila muzigo, juu ya moyo yake. Bwana akakatala. Kwetu, mama mwenye anatembea asubui mikono mitupu anaenda wapi? Batu batasema iko na mwanaume fasi ingine, ao kichwa imeharibika. Basi akafanya akili. Anabeba kitunga ku mugongo, kamba ku kipaji ya uso, sawa bamama bote benye kuenda shamba, anafunika na kitambaa. Ndani hamuna kitu. Anashuka kilima, anapanda, anarudi na sombe, majani ya muhogo, kidogo juu.

“Mwalimu, ni ile saa moja tu sina muzigo,” alinambia, na tukacheka mpaka machozi. Kwa kila ulizo ya faida alijibu ndiyo, ndiyo kabisa. Nilimupenda ule mama.

Kisha nikaenda kuuliza bwana ku salon, chumba ya wageni. Yoo, ule mutu! Niko na hasira ya karibu, na yeye aliitafuta.

“Bamama hawana lazima ya mazoezi,” akasema. “Banalima.”

“Na weye, papa?”

“Mie niko na pikipiki.”

Akacheka, tumbo ikatetemeka. Akasema bibi yake hawezi kufika hata ku barabara bila yeye kujua. Pale nikashindwa kuvumilia.

“Aka! Papa, bibi yako anakupita akili! Kila asubui anapita mbele yako na kitunga bule, haina kitu ndani, anafanya mazoezi, na weye unamupa pole ya kazi!”

Nilicheka. Yeye hakucheka. Akanishukuru na heshima yote, akanipa ndizi ya njia. Niliikula nikitembea, nikijisikia mushindi, mie mujinga.

Juma mbili zikapita, nikarudi. Bibi alikuwa inje, amekaa chini, kitunga pembeni yake. Ilijaa mawe ya fondation, ya musingi wa nyumba.

Alinielezea na sauti ya chini. Bwana hakumupiga, hakupandisha sauti. Kila asubui anajaza kitunga yeye mwenyewe, anasema: “Infirmier alisema utembee. Tembea.” Bibi anapandisha mawe mpaka ku parcelle, kiwanja yao ya juu, anarudi, anakuta mawe ingine inamungojea.

Midomo yake ilikuwa rangi ya majivu. Alikuwa anasema maneno mbili, anapumzika. Nilitaka kumuomba musamaha. Nikafungua karatasi.

“Mazoezi inakupa furaha?”

“Hapana.”

“Inakutuliza roho?”

“Hapana.”

Nikaandika yote, na nilijua kule Beni chef ataona majibu haifanane, atatupa ile karatasi yake. Nikafika ku ulizo ya mwisho.

“Batu ba nyumbani banakutia moyo kufanya mazoezi?”

Akaangalia ku mulango. Bwana alikuwa pale, anapanguza pikipiki yake na kitambaa.

“Andika ndiyo,” bibi akasema. “Kila siku.”

Nikaandika ndiyo. Akainama mbele ya kitunga, akapanga kamba ku kipaji.

“Sasa nisaidie kuinua, mwalimu. Anatuangalia.”

Nikaweka karatasi chini. Nikakamata kitunga na mikono mbili, nikaisukuma mpaka ikakaa muzuri ku mugongo yake.