Betri Iliyoanikwa Juu ya Bati

Enzi zetu, ukisikia baba anapiga kiki ya pikipiki mara ya pili, mara ya tatu, kisha kimya, ulijua wiki imeharibika. Kijana wa bodaboda wa leo akikwama hununua betri mpya, akaifunga na kuondoka hata soda yake haijaisha. Sisi tuliokulia mtaa wa Lipangalala miaka ile ya foleni za sukari, betri ilikufa mbele ya halaiki, na kila mtu katika halaiki hiyo alikuwa na dawa yake.

Baba alikuwa katekista, na watu walimwita Mwalimu. Parokia ilimpa pikipiki ya kuzungukia vigango, yale makanisa madogo ya vijijini, mpaka Mofu huko kwenye mpunga na kambale. Pikipiki ile ilipata moto wake kwenye betri. Betri ikilala, ungeisukuma pikipiki hadi kijiji cha Mkula na isingekohoa. Baba alilieleza jambo hili mara nyingi, taratibu, kama anavyofundisha Amri Kumi, na lilipokelewa kama Amri Kumi: watu waliitikia kwa kichwa, kisha wakaendelea na mambo yao.

Kila aliyekua nyakati zile anakumbuka betri za redio, zile kavu, nene kama mhogo mdogo. Zikichoka ziling'atwa kwa meno, zikaanikwa juani, zikarudishwa redioni, na kweli zilisema tena kidogo. Zikifa kabisa tulizipasua shuleni, tukatwanga weusi wake pamoja na majani mabichi na kusiliba ubao. Mikono yetu ilinuka betri mpaka kwenye ugali. Kwa hiyo sishangai kwamba mtaa mzima uliamini kuwa betri ni betri na jua ni dawa. Sishangai, lakini hadi leo nikikumbuka nakunja uso.

Baba mdogo Otmari, mdogo wake baba, ndiye aliyegundua kwamba waya mbili kutoka kwenye betri ya pikipiki zinaweza kuiamsha redio. Tangu hapo, timu ya taifa ikicheza, pikipiki ilivuliwa betri, redio ikawekwa juu ya kinu kilichogeuzwa, na ua wetu ukajaa watu mpaka kuku wakahama.

Jumapili moja ilichezwa mechi ya namna hiyo. Dada yangu Yustina alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza upande wa Mahenge, ng'ambo ya mto, na alitakiwa kuripoti Jumatano. Asiyefika siku hiyo, nafasi yake ilipewa mwingine. Mvua zilikuwa zimeharibu barabara na mabasi yamekwama, kwa hiyo ilibaki pikipiki ya baba. Sanduku lake la bati lilikuwa tayari mlangoni. Jumatatu asubuhi baba akapiga kiki. Kimya.

"Otmari, mpira ulikwisha saa ngapi?"

"Mpira ulikwisha mapema, kaka. Ila baada ya mpira kulikuwa na muziki."

Baba alishuka kwenye pikipiki. Aliifunga betri kwenye kitambaa na kuipeleka karakana, ambako palikuwa na mashine ya kuchaji. Mashine ilikuwepo, dizeli ndiyo haikuwepo. Madukani hapakuwa na betri mpya. Palikuwa na kiberiti na viatu vya mguu mmoja. Akarudi nayo vilevile. Jioni ikaja halaiki. Mmoja akashauri chumvi. Mwingine akasema maji ya dafu, ingawa hakuna aliyejua dafu litatoka wapi. Wa tatu akaja na chupa ya maji ya kisima cha kwao, akiapa kwamba yameshafufua betri ya trekta.

Bibi, mama yake baba, alikuwa anapepeta mchele pembeni. Alizaliwa karibu na wakati wa vita vya Maji Maji, upande wa Mahenge, na baba yake alikuwemo vitani.

"Baba yangu naye alipewa maji," alisema bila kuinua macho. "Akaambiwa risasi za Mjerumani zitayeyuka. Rudisha chupa yako kwenu, mwanangu, ukanywe."

Jumanne baba alizunguka mjini kutafuta betri ya kuazima. Huku nyuma, baba mdogo akapata akili. Alipanda juu ya bati, akailaza betri ubavu, kisha akaigeuza ubavu wa pili, jua liingie pande zote. Sasa, betri ya pikipiki si kavu. Ndani yake mna tindikali, na tindikali ikilazwa hutafuta njia. Ilishuka taratibu kwenye migongo ya bati mpaka ukingoni. Chini ya ukingo ilikuwepo kamba ya nguo, na kwenye kamba ilikuwepo sketi mpya ya shule ya Yustina. Alasiri mama alipoikunja, kidole chake kilitokea upande wa pili.

Yustina hakulia. Alikaa juu ya sanduku lake akitazama barabara.

Baba alirudi mikono mitupu. Alipooneshwa sketi, halafu betri, alivua kofia, akaivaa tena. Wanaume wakaanza upya kushauriana, na hapo ndipo mama alipochoka.

"Nyamazeni! Shemeji, si wewe uliyeniambia betri ya pikipiki inalisha redio? Ilipokuwa starehe yenu mlijua kuziunganisha. Basi leo za redio ziilishe pikipiki, mwanangu aende shule! Au hiyo hamuijui?"

Alisema kwa hasira tu, akaingia ndani kutafuta kiraka. Baba alimtazama Otmari, Otmari akaitazama redio. Miaka mingi baadaye nilisoma na kuthibitisha: betri nne kavu zikifuatana hutoa volti sita, na pikipiki ile ilikuwa ya volti sita. Lakini safu moja ni dhaifu; zilihitajika kadhaa, tena mpya, na betri mpya zilikuwa kwenye redio za watu.

Baba mdogo akaenda nyumba kwa nyumba. Alitukanwa kila mlango, na kila mlango ukatoa betri. Mzee Saidi, muuza samaki, alichelewa kufungua redio yake kwa sababu kila jioni alisikiliza matangazo ya vifo.

"Nikifiwa mtaniambia ninyi," alisema, akazimimina betri mkononi mwa Otmari. "Na wewe, mpumbavu, usizianike."

Walipasua mianzi, wakazipanga ndani, wakafunga kwa mipira ya tyubu. Jumatano alfajiri furushi lile lilikaa chini ya kiti kama mzigo wa miwa. Baba akapiga kiki mara mbili. Ya tatu ikakohoa, ikashika. Yustina akapanda, sketi yake ya buluu ikiwa na viraka vyekundu vya kanga, sanduku limefungwa nyuma. Tulikimbia nao mpaka kona, tukipiga kelele.

Alifika. Baba alisema mtawa aliyewapokea getini alivitazama viraka kwa muda, kisha akamwonesha bweni.

Mtaa wetu ulikaa bila redio hadi duka lilipoletewa betri tena. Matokeo ya mechi iliyofuata tuliletewa na mpita njia, na alidanganya.

Mwezi uliopita pikipiki yangu ilizima karibu na palepale tulipokulia. Kijana mmoja akaniamkia, "Shikamoo mzee, hiyo imekata moto, weka mpya tu." Akapiga simu, ikaletwa betri iliyozibwa, isiyotaka maji wala jua. Alifunga vizuri na sina lawama. Enzi zetu tungeililia teknolojia ile. Majirani walipita, kila mmoja na muziki wake masikioni, na mimi nikasimama pale nikisubiri kwa kuudhika kabisa angalau mtu mmoja aje anipe ushauri wa kijinga.