Kitenge Hakikukatazwa

Juzi jioni nilikuwa mkalimani wa wazazi kwenye ukumbi wa shule ya kati huku Linden, ughaibuni, watoto wenye alama za juu wakiingizwa katika chama cha wanafunzi wa heshima. Mbele yangu aliketi mama Mkongomani. Binti yake, kabla ya kwenda kupanga foleni, alimsihi kwa Kiingereza asiimbe wala asipige vigelegele.

"Bon, nimesikia," mama akasema, akichanganya na Kifaransa chake.

Mwalimu mkuu naye akaomba tusipige makofi hadi majina yote yasomwe. Tukakaa kama tuko msibani.

Jina la binti liliposomwa, mama aliinuka kimya, akafungua kitenge alichojifunga juu ya sketi, akakitandaza mbele ya ngazi za jukwaa, kama tunavyomtandazia bibi harusi. Binti akafunika uso kwa mikono, halafu akapita juu yake.

Mwalimu mkuu akashuka, akanitazama nitafsiri.

"Mulikataza makofi, sikupiga," mama akasema. "Donc, kitenge nayo mulikataza?"

Nikatafsiri. Mwalimu mkuu akafikiri, akarudi jukwaani.

Aliyefuata alikuwa mvulana Mzungu. Alisimama ukingoni mwa kitenge, akaanza kuvua viatu.

"Pita tu, mwanangu," mama akamwambia, akimpungia mkono.

Baada yake hakuna mtoto aliyekizunguka. Makofi yaliporuhusiwa, kitenge kilikuwa kimejaa alama za soli. Binti ndiye aliyekiokota, akakikung'uta, akajifunga kiunoni mwake. Hilo nalo halikuwa limekatazwa.