Ng'ombe wa Kengele Katika Posto ya Palma

Mjukuu wangu anasomea uuguzi. Juzi alinionyesha kwenye simu yake mgonjwa aliyeungua, amevalishwa miwani mikubwa kama ya fundi wa kuchomelea vyuma. Ndani ya miwani ile, akanieleza, mgonjwa anaona dunia nyingine, anatembea kwenye theluji, na huku nje wanamsafisha kidonda asihangaike sana. Nikamjibu kwamba mambo hayo sisi tuliyafanya Palma miaka michache baada ya uhuru, mama yake hajazaliwa. Akanitazama kwa heshima. Afadhali ningenyamaza hapo hapo.

Nilikuwa kijana wa Mocímboa, nimesoma kozi ya miezi michache Pemba, ile ya bara, makao makuu ya mkoa wetu, nikapelekwa Palma kuwa enfermeiro, yaani muuguzi, wa posto ya afya, zahanati ndogo, kalamu mbili mfukoni mwa shati. Moja haikuwa na wino. Mikutanoni nilipiga viva kwa sauti kubwa kuliko katibu wa chama mwenyewe. Jambo moja tu sikumwambia mtu: mgonjwa akilia mbele yangu, mikono hunitetemeka.

Siku moja akaletwa mama wa makamo, mpika mafuta ya nazi. Sufuria ilimpindukia, mafuta ya moto yakamuunguza kuanzia ugokoni hadi vidoleni. Sindano za ganzi zilikuwa zimekwisha, na gari la kuleta nyingine halikuwa na dizeli. Kidonda kilitaka kuoshwa kila siku kwa maji ya chumvi, ngozi iliyokufa ibanduliwe, vidole vitenganishwe kimoja kimoja visigandane. Asipovumilia, mguu ungeoza, na Pemba wangeukata. Nilimweleza hayo kwa maneno ya kozi, nikamwita kamarada kama tulivyoitana mikutanoni.

"Ntoto wa nani wewe?" akaniuliza.

Nikamtajia nyumba yetu.

"Basi niite mama, kisha fanya kazi yako."

Alipiga kelele hadi foleni ya nje ikapungua. Siku ya pili hakuja. Nikamfuata nyumbani, akaniambia kupitia mlangoni: "Siji. Wacha uoze." Niliogopa kweli, maana harufu ilikuwa imeshaanza.

Ndipo nikakumbuka kile kidude. Daktari mgeni, kooperante kama tulivyowaita wataalamu wa nje, alipomaliza mkataba alituachia mchezo wa mwanawe: kitu cheusi cha plastiki chenye matundu mawili ya kutazamia. Unatia kisahani cha picha ndogo ndogo, unaelekeza kwenye mwanga, na picha inasimama mbele yako hata unataka kunyoosha mkono uiguse. Ukibonyeza, inakuja nyingine. Picha zilikuwa saba: milima, theluji, na ng'ombe mwenye kengele shingoni. Nikampelekea. Alitazama pale pale uani, akamwona ng'ombe, akacheka.

"Kesho nakuja," akasema.

Kesho yake nikageuza kitanda, mwanga wa dirisha uangukie mguu nione vizuri. Nikampa kidude, nikashika kibano, nikaanza kusimulia. Huo mlima, mama, wafanyakazi wanaupanda bure. Huyo ng'ombe ni wa ushirika. Sikujua lolote kuhusu nchi ile, nilitunga tu, na nilivyozidi kutunga ndivyo nilivyojisikia bingwa.

"Naona," anasema. "Endelea, mwanangu."

Hakulia tena, siku ile wala zilizofuata. Ncha ya kanga ilikuwa mdomoni mwake muda wote. Nikadhani ni kwa mshangao.

Mkutanoni nikatangaza kwamba Palma tumeyashinda maumivu. Nikapigiwa makofi. Nikaandika ripoti ya kurasa nne kwenda mkoani, nikaomba kila posto ipewe kidude kama kile, na pale pa kuandika kazi yangu nikaandika, Mungu anisamehe, mvumbuzi.

Mguu ukapona. Siku ya mwisho vidole vyote vitano vilikuwa vimeachana, anavichezesha mwenyewe. Alipotoka kujaribu kutembea uani, nikakaa kitandani mahali pake, nikaweka kidude machoni. Giza tupu. Nikabonyeza mara saba, giza saba. Mbele yangu ulikuwa ukuta, mweusi kwa moshi wa jiko tulilochemshia vyombo. Dirisha lilikuwa mgongoni, na aliyeliweka mgongoni ni mimi.

Akarudi, akanikuta nimekaa hivyo.

"Mama, siku zote hizi ulikuwa unaona nini?"

"Sikuona kitu."

"Mbona hukusema?"

"Siku ile nilipolia, nkono wako ulitetemeka, ukanichuna mpaka penye uzima. Ukisimulia ng'ombe wako, nkono unatulia. Nikaona bora usimulie."

"Na maumivu?"

"Yalikuwepo, mwanangu."

Nilitamani sakafu inimeze. Niliona aibu, na zaidi ya aibu nilimpenda mama yule. Yeye akavaa ndala mguu ule, mara ya kwanza tangu aungue, akanishika bega asianguke. Akauliza kama yule ng'ombe kweli alikuwa wa ushirika. Nikamwambia sijui. Ripoti ilikuwa imeshakwenda mkoani na sikuwahi kuifuata.

Mjukuu alinisikiliza mpaka mwisho, simu imezima mkononi.

"Kwa hiyo, babu, kile kidude hakikufanya kazi?"

"Kilifanya," nikamjibu. "Sikuumia hata kidogo."