Kopo la Jivu na Timu ya Jumamosi

Ipo siku moja ninayoikumbuka kila ninapouona mstari mweupe kwenye majani, mwanangu, na hapa Sydney mistari hiyo naiona kila Jumamosi asubuhi katika uwanja wa mtaa wetu, Macquarie Fields. Siku hiyo nilikuwa msichana wa miaka kumi na sita, nimevaa raba nyeupe za kwanza maishani mwangu, na nilifanya jambo dogo ambalo mpaka leo sijaamua kama lilikuwa dogo kweli. Naliandika polepole katika daftari hili, na ninayemwita mwanangu ni wewe kijana yeyote utakayelisoma. Shule nilisoma mpaka darasa la saba tu, kwa hiyo nikikosea unisamehe, na nikianza kujisifu uniangalie vizuri, pengine kuna kitu ninakuficha.

Sisi ni Warundi tuliokulia Tanzania, katika makazi ya wakimbizi upande wa Tabora, ambako karibu kila familia ililima tumbaku. Kijiji chetu kilikuwa na timu ya netiboli ya wasichana. Chokaa ya kuchorea uwanja hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni jivu, kwa sababu tumbaku hukaushwa kwa moto ndani ya bani, yaani kibanda cha kukaushia, na moto ule huwaka siku nyingi mfululizo. Basi utaratibu ulikuwa kila mchezaji aje mazoezini na kopo moja la jivu kutoka kwao. Mchoraji alikuwa Mama Serafina, mjane aliyekaa karibu na uwanja. Yeye hakuwahi kucheza hata siku moja. Aliinama na kopo, akawa anarudi kinyumenyume, jivu likimtoka taratibu kati ya vidole, na mstari wake ulinyooka kuliko wa mwalimu ubaoni. Jioni upepo na miguu yetu viliufuta wote. Siku ya pili, makopo tena.

Mimi nilikuwa mfungaji. Akaja bwana michezo wa makazi, akazunguka vijiji vyote akichagua wasichana walio hodari ili aunde timu moja ya kusafiri. Kwetu alinichukua mimi. Tulipanda lori la tumbaku, tukaenda kucheza na timu za mbali, tukapewa raba. Sitaki kukudanganya kwamba ilikuwa vibaya. Nilijifunza kucheza na watu wanaokimbia kuliko mimi, nilijifunza kusema mbele ya wageni, na reli niliiona kwa mara ya kwanza nikiwa juu ya lori lile. Ungeniuliza wakati ule, ningekuambia sijapata kuwa na furaha kama hiyo.

Sasa siku yenyewe. Nilikuwa nimerudi kijijini baada ya majuma kadhaa, nikaenda uwanjani na raba zangu, nia yangu niwaonyeshe wenzangu namna mpya ya kupasiana. Nilimkuta Mama Serafina anachora. Akachora, akachora, akafika katikati ya uwanja, akasimama na kukung'uta kopo. Nikamuuliza mbona ameishia pale.

"Jivu lililoletwa ndilo hilo," akasema. Kisha akaitazama mikono yangu. "La kwenu liko wapi?"

Nilicheka. Nikamwambia sisi wa timu ya makazi viwanja tunavikuta vimeshachorwa. Wenzangu walikuwa wamekaa pembeni, na mmoja wao akasema, "Mwache mgeni wa watu, Mama, atachafua raba." Wakacheka, na mimi nikacheka nao, ingawa lile neno mgeni liliniingia.

Mama Serafina hakucheka. "Anjela, mimi sikukuambia usiende. Umekwenda, na nilifurahi. Ninachokuuliza ni jivu."

Nilimwambia nitaleta kesho. Sikuleta. Keshokutwa yake lori lilikuja, nikapanda. Mvua zilipokwisha nilirudi nikakuta pale uwanjani pamepandwa maharage. Wachezaji walikuwa wamebaki sita, na netiboli ni watu saba. Je, ni mimi niliyeiua timu? Mmoja aliolewa, mwingine aliugua muda mrefu, na mwaka ule kazi ya mashambani ilikuwa nyingi. Nimejaribu miaka yote hii kujihukumu kwa haki, na siwezi kusema ni mimi, wala siwezi kusema si mimi. Ninachojua ni kwamba bani la kwetu lilitoa jivu kila siku, na mama yangu alikuwa akilimwaga nyuma ya nyumba.

Nisingekusumbua na habari za jivu, mwanangu, kama si mjukuu wangu Neema. Ni mtoto wa binti yangu Furaha, ana miaka kumi na mitatu, na anacheza mchezo wa hapa uitwao softiboli. Kama hujauona, ni hivi: msichana mmoja anasimama katikati, anauzungusha mkono kutoka chini na kurusha mpira. Wa timu nyingine anaungoja na fimbo nene ili aupige, akimbie. Nyuma ya mwenye fimbo anachuchumaa mdakaji, amevaa wavu wa chuma usoni. Mimi ilinichukua msimu mzima kuuelewa, na bado nauliza maswali. Neema ndiye mrushaji. Mdakaji wake ni Sina, rafiki yake, ambaye wazazi wake wametoka Samoa. Furaha hulea wazee katika nyumba ya kutunzia wazee, na Jumamosi huwa kazini, kwa hiyo mimi ndiye ninayekwenda uwanjani na kiti changu, chupa ya chai na maandazi.

Timu hii ni ya mtaa. Anayetaka anacheza, hodari na asiyejua. Kocha wao ni mama mmoja dereva wa basi anayeitwa Debi, anajitolea tu. Msimu huu akaja kocha wa timu ya kusafiri, ile inayokusanya wasichana bora wa sehemu nyingi na kwenda kushindana miji ya mbali kila mwisho wa juma. Akamtazama Neema mara mbili, akamtaka.

Hapo ndipo tatizo lilipo. Timu ya Debi ilikuwa na wasichana tisa tu, idadi kamili ya mchezo huu. Mwaka uliopita wawili walishachukuliwa na timu kama hiyo. Neema akiondoka wanabaki wanane, na ligi inaruhusu wanane, lakini wakipungua kufika saba mchezo haupo. Mafua ya mtoto mmoja yanatosha kuwarudisha wote nyumbani. Tena wanane hao hawana mrushaji.

Nilitaka kumkataza. Nakiri. Nilikuwa na maneno yangu tayari. Lakini nilijiuliza kama ninamwonea mtoto kwa sababu ya maharage yaliyopandwa kabla mama yake hajazaliwa. Basi nikaona kwanza niulize.

Nilimuuliza Debi, kwa Kiingereza changu cha kuunga, kama amemkasirikia yule kocha. Alisema alimkasirikia Jumatatu, na Jumanne yeye mwenyewe ndiye aliyemwambia Neema aende. Hilo sikulitarajia. Alisema akimzuia mtoto, atakuwa amebaki na mrushaji mwenye kinyongo. Kisha akasema jambo lingine, kwamba asiyejua hujifunza kwa kucheza na anayejua, na wanaojua wakiondoka wote, wanaobaki wanachoka mapema. Nililiandika hilo nilipofika nyumbani.

Nilimwendea na yule kocha wa kusafiri. Nilidhani nitamkuta mtu wa majivuno. Alinipisha kivulini, akanijibu kila kitu bila haraka. Alisema mtoto mwenye kipawa akikosa wa kushindana naye huacha mchezo kabisa, naye amewaona wengi walioacha. Nikamuuliza yeye alianzia wapi. Akataja uwanja mmoja karibu na Liverpool, ile ya hapahapa Sydney, timu ya Jumamosi kama hii yetu. Nikauliza kama bado ipo. Akasema hajui, hajapita huko miaka mingi. Sikumwona mwongo, wala sikumwona mbaya.

Aliyebaki ni mtoto mwenyewe. Neema Kiswahili anakielewa chote lakini hujibu kwa Kiingereza, ndivyo walivyo watoto wa hapa. Tulikuwa jikoni, ananisaidia kuchambua mchicha. Nilimuuliza nini kinamvuta kule, nikitegemea ataniambia safari au nguo za timu. Akaniambia kwamba hapa hawezi kurusha mpira kwa nguvu zake zote. Aliwahi kurusha hivyo mara moja, ukamuumiza Sina kidole gumba, na tangu siku ile anapunguza. Kila Jumamosi anapunguza. Anataka kujua tu, alisema, mpira wake una kasi gani.

Mwanangu, maneno yangu yote ya kumkataza yaliisha. Nimekaa kwenye kile kiti misimu miwili, nikipiga makofi, na sikujua kwamba mtoto anajizuia.

Basi nikamsimulia habari za Mama Serafina, kama nilivyokusimulia wewe, na ile kesho ambayo sikuleta kitu. Aliendelea kuchambua mchicha mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili, jambo ambalo si kawaida yake, "Bibi, hapa jivu ni nini?"

Nilimwambia sijui. Na kweli sikujua.

Alikwenda. Mama yake alitia sahihi karatasi, tukamfulia nguo mpya. Ila kuanzia juma lile nilianza kusikia kishindo nyuma ya nyumba kila Jumatano baada ya shule. Nilichungulia dirishani. Sina alikuwa anarusha, Neema amechuchumaa mbele ya uzio anadaka. Mipira mingi ilimpita ikagonga mbao, majirani wakatazama. Neema alikuwa akimwambia Sina jambo lilelile kila mara, kwamba asiuangalie mkono wake, aangalie anakotaka mpira ufike. Sina alikuwa anamjibu kwamba ni rahisi kusema ukiwa na mkono kama wa farasi. Walicheka sana. Sikutoka nje. Nilihofu nikitoka watadhani ni mimi niliyewatuma.

Ikaja Jumamosi ya kwanza ya Neema kusafiri. Aliondoka alfajiri na gari la mzazi mwingine. Mimi niliamka nikachemsha chai, nikakaa. Nilifikiri, leo nitapumzika, kwa kuwa sina mtu uwanjani. Nimeandika maneno hayo kama nilivyoyafikiria. Chai ilikuwa bado ya moto nilipotambua nilichokuwa nimefikiri. Misimu miwili nimekula kivuli cha uwanja ule, na sikuwahi kujiuliza nani anafika mapema kuchora ile mistari. Niliikuta imechorwa. Kumbe nilikuwa nimemsimulia mtoto hadithi ndefu ya jivu, na mwenye kopo tupu alikuwa ni mimi, kwa mara ya pili.

Nilichukua kiti na chupa ya chai, nikaenda mbio za kizee. Maandazi niliyasahau. Debi alikuwa peke yake na kigari cha rangi ya kuchorea, nusu ya uwanja bado. Akanitazama, akanikumbusha kwamba Neema leo hayupo. Nikamwambia najua. Akaniuliza nimekuja kumtazama nani. Nikashika mpini wa kile kigari.

Mstari wangu haukunyooka, mwanangu. Debi alisema kwa upole kwamba umepinda kama njia ya mtu anayetembeza mbwa. Lakini niliufikisha mwisho.

Walikuja wanane, Sina wa mwisho kabisa, macho mekundu, kwa sababu usiku wake ulikuwa wa kuwaza atakavyochekwa. Alirusha. Mipira mitano ya kwanza ilikwenda kwa watazamaji. Wa sita ulipita pale unapotakiwa kupita, na msichana wa timu ya pili akapunga fimbo hewani bila kuugusa. Nilisimama nikapiga kelele kwa Kirundi, sijui kwa nini Kirundi. Walifungwa mabao mengi. Lakini walicheza mpaka mwisho, na hakuna aliyerudishwa nyumbani.

Jioni Neema alifika amechoka, na cha kwanza alichouliza ni Sina amefanyaje. Nami nikamuuliza kama ameijua kasi yake. Akatabasamu tu, akaenda kuoga. Sikumuuliza tena. Ni yake.

Mpaka ninapoandika, timu ya Jumamosi bado ipo. Mwakani sijui. Wala sijui kama hizi timu za kusafiri zinajenga kuliko zinavyobomoa. Nimewauliza wote, na kila mmoja ana ukweli wake. Ila hili ninaweza kukuambia bila kusitasita. Ukichaguliwa, nenda, na mtu asikutie aibu kwa kipawa chako. Lakini kabla hujapanda gari, tazama mahali ulipochezea ukiwa hujui kitu, uulize panashikiliwa na nini, na sehemu yako ni ipi. Ukiijua, ilete, hata siku usiyocheza. Ukiambiwa leo, usiseme kesho. Na wewe uliye mkubwa kama mimi, usije uwanjani kwa ajili ya mtoto wako peke yake, maana mtoto wako ataondoka, na wa wenzako bado watahitaji mstari.

Mungu aubariki mkono wako, mwanangu, urushe mpaka ujue nguvu zake. Akupe wenzako watakaoweza kudaka. Akufikishe mbali na kukurudisha salama, na siku utakayorudi, ukute uwanja umechorwa mpaka mwisho, na mikono yako isiwe mitupu.