Chirau na Darasa la Bamvua

Alhamisi, tarehe 12 Juni 2025. Manyunyu tangu alfajiri. Mnamo saa nne jua likachungulia kidogo, likajificha tena.

Asubuhi hiyo Chirau, karani wa ratiba katika kitivo cha biashara cha chuo kikuu, tawi la Msambweni, alikuta barua juu ya meza yake. Ilitoka kwa Daktari Milcah, mkuu mpya wa kitivo, aliyeshika kazi siku tisa zilizopita baada ya Profesa Suleiman kustaafu. Wanafunzi kumi na tisa wa cheti cha biashara ndogo, wote wanawake wakulima wa mwani kutoka Kibuyuni, hawakutimiza robo tatu ya mahudhurio. Kwa hiyo mtihani wa tarehe 28 hawataufanya. Bodi ya kitivo ilikuwa ilipitishe jambo hilo kesho yake saa tatu asubuhi.

Chirau aliisoma mara mbili. Akavua miwani, akaifuta, akaisoma tena.

Kilichotokea alikijua vizuri. Darasa lile liliandikwa kwenye kompyuta kuwa ni la Jumamosi, saa tatu asubuhi. Lakini wakati wa bamvua, bahari inapokupwa mbali karibu na adhuhuri, wanawake wale huwa majini wakifunga na kuvuna mwani. Ni siku chache tu kila nusu mwezi, na hawawezi kuziacha. Ndipo Profesa Suleiman, akiwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa mkononi, alipomwambia Chirau: Jumamosi za maji mafu, bahari isipokupwa mbali, wasome asubuhi, za bamvua wasome saa tisa alasiri. Hakuandika popote. Kompyuta haikujua alasiri hiyo, kwa hiyo Chirau alinunua daftari la kurasa mia, wakawa wanatia sahihi humo.

Yeye mwenyewe hakuzaliwa pwani. Alitoka Kinango, ambako maji ni ya kuchota bwawani na kupakia punda. Sasa ana miaka hamsini na mbili, elimu yake ni kidato cha nne, na kazi hii ameifanya miaka ishirini na mitatu bila kusema neno kwenye mkutano wowote. Kupwa na kujaa alifundishwa na wanafunzi wale wale. Bi Fauzia, kiongozi wao, alimcheka siku ya kwanza.

"Kaka Chirau, wewe mtu wa mbuzi, bahari utaijulia wapi?"

"Nifundishe basi."

"Tazama mwezi. Ukiwa mzima au haupo kabisa, usitutafute asubuhi."

Akaandika. Tangu siku hiyo kila ukurasa wa daftari ulikuwa na tarehe, umri wa mwezi na saa ya maji kupwa.

Alimpigia Profesa simu.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, Chirau. Nipo shambani napalilia mihogo. Kuna nini?"

Chirau akamweleza.

"Lo! Kwenye ripoti ya makabidhiano sikuliandika hilo. Si kila mtu anajua lakini?"

"Kila mtu ni mimi na wewe, Profesa."

Baada ya chakula cha mchana alibisha mlango wa mkuu mpya, daftari kwapani. Daktari Milcah alikuwa mama wa bara, mwenye maneno machache. Alimsikiliza mpaka mwisho, akafungua daftari, akapekua.

"Bwana Chirau, hili nani aliliidhinisha?"

"Profesa, kwa mdomo."

"Kwa mdomo. Na mimi nitajuaje kwamba hukuliandika jana usiku ili uwaokoe watu wako?"

Maneno hayo yalimchoma. "Niulize siku yoyote, Daktari."

"Keshokutwa."

"Mwezi ulikuwa mzima jana. Keshokutwa bado ni bamvua. Maji yatakupwa kabisa karibu saa sita mchana. Darasa ni saa tisa."

Daktari Milcah akachukua simu yake, akatafuta jedwali la maji, akalitazama. Kisha akauliza siku ya mwezi wa Machi, na nyingine ya Aprili, huku kidole chake kikiwa juu ya ukurasa. Zote zikalingana. Akahesabu sahihi, mstari kwa mstari, bila haraka. Asubuhi na alasiri zikijumlishwa, hakuna mwanamke hata mmoja aliyepungukiwa.

"Mbona hukusema mapema?"

"Hakuna aliyeuliza. Na mikutanoni mimi hukaa nyuma, nikaandika."

"Bodi haitanisikiliza mimi, mgeni wa siku tisa. Kesho utakaa mbele, na utalisoma wewe."

Siku iliyofuata, Ijumaa, Chirau alivaa shati jeupe lililopigwa pasi. Saa tatu na dakika kumi aliitwa. Alisimama mbele ya wahadhiri wanane, sauti ikitetemeka kwenye ukurasa wa kwanza, ikatulia kwenye wa pili. Bwana Maxwell, mwalimu wa uhasibu, akamkatiza.

"Kwa hiyo sasa chuo kikuu kitaendeshwa na mwezi?"

"Mwezi wa Ramadhani hatupangi mitihani jioni, Bwana Maxwell, na hakuna aliyelalamika."

Watu wakacheka, Bwana Maxwell naye akacheka. Chirau akaendelea hadi jina la kumi na tisa. Bodi ikakubali wote wafanye mtihani, na saa za bamvua ziandikwe kwenye ratiba rasmi.

Alirudi mezani akataka kumpigia Bi Fauzia. Akatazama saa: tano kasoro dakika ishirini. Wakati huo mama yule alikuwa amesimama baharini, maji yamemfika magotini. Akaiweka simu chini. Alichapa tangazo la mtihani, Jumamosi tarehe 28, siku nyingine ya bamvua, saa tisa alasiri, akatoka nalo kwenda kulibandika ubaoni.