Siku Mkanda Ulipoacha Kulia

Juzi asubuhi gari la jirani yangu liligoma kuwaka, na lilipokubali likaamsha mtaa mzima. Mkanda wa feni ulikuwa ukilia wii, wii, wii, kama mtoto wa nguruwe aliyeshikwa mguu. Watu walinung'unika. Mimi nilitoka na khanga yangu ya kulalia nikasimama barazani nacheka peke yangu, mpaka mjukuu wangu akaja kunichungulia usoni kama nina akili timamu. Alikuwa anawahi shule, sikuweza kumweleza. Basi nitawaeleza ninyi mlio na nafasi.

Bado tulikuwa chini ya Mwingereza wakati huo. Baba yangu alikuwa seremala wa reli pale Dodoma, na alikuwa amenunua gari. Narudia: alikuwa amenunua gari! Lilikuwa jeusi, kuukuu hata kwa miaka ile, lenye taa mbili zilizotokeza mbele kama macho ya chura, na ndani lilinuka ngozi, petroli na tumbaku ya Mzungu aliyekuwa nalo kabla yetu. Kwangu hakukuwa na harufu tamu kuliko hiyo hapa duniani. Kitu kilichonipendeza zaidi ni kisaa kidogo mbele ya dereva chenye mshale mmoja. Baba alinieleza kwamba mshale ukilala kulia, dainamo inaijaza betri umeme. Ukilala kushoto, betri inatoa tu bila kupata. Tangu siku hiyo nikajifanya mlinzi wa mshale, ingawa hakuna aliyeniajiri.

Dada yangu Yunisi alikuwa akiolewa Mpwapwa, na gari letu ndilo lingempeleka. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho kabla ya Kwaresima. Mchungaji wa kule alituma neno kwamba angefungisha ndoa mchana, kisha aondoke kwenda kwenye makanisa yake mengine ya mbali. Tukimkosa, hakuna harusi mpaka Pasaka ipite. Mama aliyarudia maneno hayo mara nyingi hata ningeweza kuyaimba.

Ndani ya gari tulijipanga hivi. Baba kwenye usukani. Pembeni yake Bwana Kasamali, fundi wa magari wa mjini, rafiki yake tangu zamani, aliyealikwa harusini na kuvaa suti ya rangi ya maziwa iliyopigwa pasi ikanyooka. Nyuma walikaa mama, Yunisi na Bibi mzaa mama. Mimi nilibanwa katikati mbele, juu ya mto, na kwa sababu maalumu. Bibi alikuwa mkwe wa baba, na kwetu mwanamume hasemezani ovyo na mama mkwe wake, wala hamkodolei macho. Kwa hiyo baba alikuwa akisema, "Mwambie bibi yako aufunge mlango vizuri," nami nageuka nasema, "Bibi, ufunge mlango vizuri," na Bibi, aliyesikia kila kitu tangu mwanzo, anajibu, "Mwambie baba yako nimefunga." Walikuwa umbali wa mkono mmoja. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Bwana Kasamali alikuwa amelifanyia kazi gari juma zima. Aliitengeneza dainamo, akabadilisha kaboni zake zinazochukua umeme, akafunga mkanda mpya. Mkanda huo ulikuwa unalia. Asubuhi ile gari lilipowashwa uani kwetu ulipiga ukelele mpaka kuku wakaruka ukuta. Bwana Kasamali alisema si neno, mkanda mpya hunyooka kidogo, ataukaza tukifika. Tulizima gari tukaingia ndani kunywa chai na kusali. Tulipotoka na kuwasha tena, gari lilikuwa kimya. Linaunguruma tu taratibu, kama paka aliyeshiba. Baba alimpiga fundi wake begani, fundi akatengeneza tai yake, na sote tukaona hiyo ni dalili njema.

Ah, safari ile! Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri mwaka huo na Ugogo yote ilikuwa kijani, uwele umesimama hadi kwenye kingo za barabara. Gari la bi harusi halipiti kimyakimya, kwa hiyo baba alipiga honi kila alipoona nyumba, na kama hakuna nyumba alipigia ng'ombe. Pale Ihumwa watoto walitukimbilia, mama akapiga kigelegele dirishani, Yunisi akajifunika uso kwa aibu huku akicheka. Bwana Kasamali alikuwa akimsimulia baba habari za Mzee Lameki, baba mkubwa wa bwana harusi, mwenye malori yaliyobeba mazao kutoka Kongwa. Mzee huyo alikuwa akitafuta fundi wa kuyatunza. "Leo ananiona," alisema Bwana Kasamali, akijipangusa vumbi kwenye goti. "Ananiona, na anaona gari nililolitengeneza limembeba bi harusi."

Mimi ndiye niliyesema kwanza. "Baba, mshale umelala kushoto."

"Utarudi," alisema baba, akapiga honi.

Haukurudi. Mbele kidogo honi ikaanza kukohoa badala ya kulia. Kisha mvuke ukatoka kwenye rejeta, gari likashtukashtuka, likazimika katikati ya barabara tupu, uwele kulia, uwele kushoto. Jua lilikuwa limeshapanda. Nyuma yangu nilimsikia mama akisema, "Mchungaji," basi, neno hilo moja tu, na Yunisi akaacha kucheka.

Baba alisema dainamo ndiyo imekufa. Bwana Kasamali alisema dainamo yake haiwezi kufa, labda betri ya baba ndiyo iliyozeeka. Walivutana hivyo huku wakifungua boneti. Rejeta ilipopoa wakaijaza maji, kisha baba akazungusha hendeli mpaka jasho likamtoka, na gari lililopumzika likawaka kwa shida. Bwana Kasamali alinipigia kelele: "Mshale?" "Kushoto!" Akamwambia baba akanyage mafuta. "Mshale?" "Kushoto bado!" Nilipiga kelele kwa furaha kabisa, Mungu anisamehe, maana sikuwahi kuwa na kazi tamu kama ile. Alifuata nyaya moja baada ya nyingine kwa vidole, zilikuwa zimekazwa. Akafungua katauti, kile kisanduku kinachoufungulia umeme njia ya kwenda kwenye betri, kilikuwa kisafi. Akachungulia kaboni zake mpya. Zilikuwa mahali pake. Suti ya rangi ya maziwa ilikuwa sasa na mabaka meusi kifuani na mikononi.

Ndipo Bwana Kasamali aliposimama akiangalia tu. Rejeta ilikuwa imeanza kutoa mvuke tena. "Ngoja," alisema. "Dainamo haijazi. Maji yanachemka. Vitu viwili vimeugua siku moja?" Akainama karibu. Injini ilikuwa inakimbia, lakini feni ilijizungusha kivivu, mtu angeweza kuhesabu mapanga yake. Na feni na dainamo, alimwambia baba, zinazungushwa na kitu kimoja. Gari likazimwa. Akapitisha kidole kwenye ule mkanda mpya, akakinusa, akakinusa tena.

"Samli," alisema.

"Samli ndiyo," alisema Bibi kutoka nyuma, bila kungoja kupitishiwa na mtu. "Ulidhani mafuta ya taa?"

Akatueleza, tena kwa kujivuna. Asubuhi tulipoingia kunywa chai alibaki uani akimaliza kupaka. Alikwishampaka Yunisi kichwani na mabegani, kama bibi anavyompaka mjukuu wake kumbariki anapokwenda kwa mume. Akapaka sanduku la nguo. Akapaka milango ya gari. Na kile kitu kilichokuwa kikilia, alisema, hakingeweza kuachwa kilie siku ya harusi ya mtoto wake. Boneti ilikuwa wazi, akakionea huruma, akakipaka samli ya kutosha kotekote. "Si kilinyamaza?" aliuliza.

Kilikuwa kimenyamaza, kweli. Kilikuwa kinateleza kimya kimya tangu Dodoma, injini inakimbia peke yake na umeme wote unatoka bila kuingia. Baba aligeuka akaangalia mashamba. Hata angetaka kusema, kwa mkwe angesemaje? Nilingoja aniambie, "Mwambie bibi yako," lakini hakuniambia kitu. Bibi alitutazama mmoja mmoja, na taratibu ule ujivuni ukamtoka. Akauliza kwa sauti ndogo, "Nimeifunga njia ya mtoto?"

"Hapana, mama," alisema Bwana Kasamali. Alikwishavua koti. Akachovya leso yake ya hariri kwenye petroli akaufuta mkanda na magurudumu yake, na leso ilipochafuka akachomoa shati kwenye suruali akafutia pindo. Akaikaza dainamo kwa nguvu zake zote. Baba akashika hendeli. Gari likawaka, na mkanda ukalia wiiii, mkali, mbaya, wa kuumiza meno, na sisi sote tukapiga kelele pamoja nao. Mshale ukaruka kulia! Nilisimama juu ya mto wangu nikapiga kichwa kwenye paa. Mama alikuwa analia na kupiga vigelegele kwa pamoja. Tulikwenda Mpwapwa hivyo, tukilia kama kundi la nguruwe, bila honi, na hakuna aliyesema neno kuhusu kelele.

Mchungaji alikuwa mlangoni mwa kanisa, mfuko wake begani. Akaushusha. Lakini kabla hatujaingia, shangazi za bwana harusi walisimama mbele yetu. Bi harusi akichelewa, waliomleta lazima waseme walikutana na nini njiani, na wanasikilizwa vizuri. Mkubwa wao alimtazama Yunisi anayeng'aa mafuta, akamtazama Bibi, akauliza, "Ni nini kilichomzuia mwari wetu?" Mzee Lameki alikuwa amesimama nyuma yao, mikono mgongoni.

Baba alikuwa mzee wa kanisa na hakuwa mtu wa uongo. Bibi alikuwa ameinamisha kichwa.

"Ni mimi," alisema Bwana Kasamali. Alisimama pale na shati lake limechomoka, mweusi mpaka kwenye viwiko. "Mkanda niliufunga vibaya. Kazi mbovu ya fundi. Nisameheni, akina mama."

Nilifungua mdomo kusema huo ni uongo. Mama alinifinya ubavuni kwa namna ambayo alama yake ilikaa siku kadhaa. Shangazi wakaguna, mmoja akacheka, wakatupisha. Nilimwona Mzee Lameki akiliangalia lile gari letu, kisha akimwangalia Bwana Kasamali, kisha akiondoa macho.

Nilimkasirikia Bwana Kasamali siku nzima. Niliona ni mjinga. Juma zima alikuwa amejisifia kazi yake, na kazi yake ilikuwa nzuri kweli, mimi mwenyewe nilishuhudia, halafu anakwenda kuitukana mbele ya mtu ambaye kwa ajili yake aliipiga pasi ile suti. Malori ya Mzee Lameki hayakuwahi kuingia katika gereji yake. Sikujua bado jinsi bibi anavyosemwa katika ukoo mgeni pale baraka yake inapomsimamisha bi harusi barabarani, wala jina la mchawi ambalo wangempa, wala jinsi jina hilo lingemwangukia Yunisi kila mtoto wake alipougua. Hilo nililijifunza nilipoolewa mimi mwenyewe na kuwaona shangazi wa mume wangu wakisimama mlangoni.

Jioni ile mimi nilikuwa nimenuna kwenye mkeka, na Bibi alikuwa akicheza. Alicheza katikati ya wanawake wa upande wa kiume, mabega yakitetemeka, kidevu juu, na wao wakimpigia makofi na kumwita mama yetu. Alicheza mpaka viatu vikamtoka. Bwana Kasamali alikuwa amekaa ukutani na shati lake chafu, sahani ya pilau gotini, akimtazama, na alionekana mtu aliyefurahi sana.