Mama Opereta na Ruta Iliyokufa

Mtu aliyefanya kazi miaka thelathini na moja hawezi kupumzika miezi minne mfululizo bila kuumwa, na Mama Opereta alikuwa ameanza kuumwa. Hakuumwa kichwa wala mgongo. Aliumwa sofa.

Alihamia kwa binti yake baada ya kustaafu, na mkwewe alimpokea kwa heshima ambayo, kusema kweli, ilipita kiasi. Akishika ufagio, mkwe anaupokea: "Mama, pumzika." Akisogelea sinki la vyombo: "Aa, mama, usijisumbue." Siku moja aliinuka kubadilisha balbu, mkwe akatoka bafuni mbio na povu la sabuni masikioni, akamkalisha na kumwekea mto mgongoni. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu ilipita, ya mia nayo ikapita, jembe halikuonekana. Mama Opereta alimpenda mkwewe, lakini kuna jioni alitamani hata wagombane, mradi apate la kufanya.

Jina hilo alilipata kazini. Alianza kwenye ubao wa simu, akiunganisha watu kwa nyaya. Mbao hizo zilipoondolewa, wenzake walikwenda nyumbani. Yeye aliomba kuhamia chumba cha mafundi, akajifunza upya pamoja na vijana waliolingana na binti yake. Alistaafu akiwa ndiye anayeletewa mitambo iliyowashinda wengine. Mkwe hakujua hayo. Alijua tu kwamba mama alikuwa wa simu, akadhani kazi yake ilikuwa kusema haloo.

Basi Jumanne moja ruta ya intaneti ya nyumbani ikafa.

"Imekufa yenyewe," mkwe alimwambia mkewe. "Vitu vya siku hizi!"

Mkewe alikuwa mhariri wa vitabu vya shule na kazi yake aliifanyia nyumbani. Ikabidi ahamie na kompyuta yake barazani kwa jirani, akaazime intaneti, na kila jioni alirudi akiwa na alama za benchi mapajani na hasira kichwani. Jumamosi asubuhi, alipoondoka tena, Mama Opereta aliinuka kwenye sofa.

"Baba," alimwambia mkwe, "niletee hiyo ruta, kompyuta yako na bisibisi ndogo."

"Mama, usijisumbue. Hiyo ni ya kutupa, imeshakuwa tofali."

"Basi niletee hilo tofali."

Kumkatalia mama mkwe mara mbili asubuhi moja ni utovu wa adabu, na mkwe huyu adabu ndiyo iliyokuwa ugonjwa wake. Alivileta.

Mama Opereta aliifungua ruta, akamwonyesha vitundu vinne vilivyopangana pembeni mwa saketi. Kisha akatoa kwenye sanduku lake kidude kidogo chenye nyaya tatu nyembamba upande mmoja, na upande wa pili mdomo wa kuchomeka kwenye kompyuta.

"Ikizima kila kitu, hapa bado inaongea," alisema. "Huu ni waya wa ardhi. Wangu wa kusemea unaingia kwake pa kusikilizia, na wake wa kusemea unakuja kwangu pa kusikilizia. Ukiunganisha mdomo kwa mdomo mtabusiana tu, hamtaelewana."

Mkwe, ambaye hakuwahi kumsikia mama mkwe akitamka neno kubusiana, aliangalia dari.

"Na hiki cha nne?"

"Cha umeme. Hicho hatukigusi, labda kama unataka kununua na kompyuta nyingine. Shika plagi. Nikisema chomeka, unachomeka. Nina sekunde mbili za kubonyeza kitufe niizuie kabla haijaanza kujikwaa upya."

"Mama, si bora mimi nibonyeze, wewe ukae?"

"Chomeka!"

Mara ya kwanza kioo cha kompyuta kilijaa takataka za alama, kwa sababu kasi ya kompyuta na ya ruta hazikulingana. Mama alirekebisha. Mara ya pili kidole kilichelewa.

"Nichomoe?"

"Nimekwambia uchomoe?"

"Hapana, mama."

"Haya, sasa chomoa. Chomeka!"

Mara ya tatu akaidaka. Ruta ilisimama kimya ikingoja amri, naye akaiamuru ionyeshe kumbukumbu zake za mwisho. Alivaa miwani akasoma. Kubadilisha programu kumeanzishwa. Kumekatizwa, asilimia sitini na moja. Umeme umeondolewa. Jumanne, saa kumi na dakika saba alasiri.

Saa hiyo binti alikuwa ametoka kwenda dukani, nyumbani walikuwa watu wawili, na mmoja wao alikuwa chini ya feni na mto mgongoni, na feni haikusita hata mzunguko mmoja. Mama Opereta alimtazama mkwe juu ya miwani. Mkwe alikuwa amesoma pia. Alikuwa anaitazama plagi mkononi mwake, jasho likimtoka, maana baada ya pasi kumharibikia akijaribu kuitengeneza, mkewe alishamwapisha asiguse tena kitu chenye waya.

Kwenye ubao wa simu Mama Opereta alisikia posa, talaka na uongo wa kila rangi, na hakuna neno hata moja aliloondoka nalo getini. Alivua miwani akaifuta.

"Baba, sasa tunaiwekea programu upya. Hapa plagi isiguswe, hata nyumba ikiwaka moto. Sawa?"

"Sawa, mama," mkwe alijibu kwa sauti ya mbu.

Programu waliipakua kwa simu ya mkwe, wakaipitisha kwenye waya. Namba zilipanda. Hamsini na tisa. Sitini. Sitini na moja, mkwe akafumba macho. Sitini na mbili.

Mkewe aliporudi adhuhuri alikuta taa ya kijani inawaka.

"Kumbe! Ilikuwa na nini?"

"Ilikatizwa ikiwa katikati ya kula," mama yake alisema.

"Na nani?"

Mkwe aliinama kutafuta bisibisi chini ya meza.

"Mimi utaniuliza nini, mwanangu? Kila siku naambiwa nipumzike."

Binti aliwatazama wote wawili kwa zamu, akatikisa kichwa, akaenda kufungua kazi yake.

Kesho yake, mke alipokwenda sokoni, mkwe aliingia sebuleni amekumbatia katoni kubwa, akaitua mezani taratibu. Ndani kulikuwa na pasi, blenda, redio, feni ya mezani na kikombe cha skrubu zisizojulikana zimetoka wapi.

"Zilikuwa juu ya kabati, nyuma ya masanduku," alisema. "Mwanao anajua ziko kwa fundi."

"Tangu lini?"

"Mwaka jana. Mama, naomba unisaidie."

Miezi minne hakuna aliyemwomba kitu katika nyumba ile. Mama Opereta alivuta katoni karibu kabla mtu hajabadili mawazo.

"Mungu akubariki, baba," alisema, mikono tayari imezama ndani. "Na usiache kujaribu."